Kesi ya Ugoro Usiokuwa na Harufu

Nyanya yangu hajawahi kukiri kwamba aliugua corona. Alichougua yeye ilikuwa "homa ya mvua", ingawa mlimani kwetu Mbololo mvua haikuwa imenyesha kwa miezi mitatu. Alilala siku nane, akakohoa mpaka mbuzi wa jirani wakazoea kumjibu. Siku ya tisa akaamka akiwa amekonda, akaoga, akaomba ugoro wake. Akauvuta. Akapiga chafya mbili kama kawaida. Kisha akakunja uso, akakitazama kile kichupa kama mtu anayetazama nyoka, akasema, "Huyu mwanamke amenitilia majivu."

Huyo mwanamke alikuwa rafiki yake tangu wakiwa wasichana wa kuteka maji. Nyumba yake iko upande wa pili wa kijito, imetazamana na ya nyanya, karibu kiasi kwamba ukiita kwa sauti unaitikiwa. Sisi wajukuu tulimwita nyanya wa ng'ambo. Ndiye aliyewasagia ugoro wazee wa upande ule wote: majani ya tumbaku yaliyokaushwa juu ya jiko, magadi kidogo, tone la samli, halafu jiwe na subira. Kila Ijumaa alivuka na kichupa kimoja kwa ajili ya nyanya. Walikaa kwenye mkeka, wakavuta, wakapiga chafya, wakawasema watu. Hiyo ndiyo ilikuwa ibada yao. Ile ya Jumapili walikwenda kuonyesha vitenge.

Sasa, kule kwetu kichupa cha ugoro hakirudishwi kikiwa kimejaa. Sijui kama hii ni mila ya kabila letu zima, Wadawida, au ni ya wale wawili tu. Nimeuliza watu wanne nikapata majibu matano. Ila wao walikuwa wanaelewana. Ukikirudisha kitupu, umeshukuru. Ukikirudisha kimejaa, umemwambia mwenyewe kwamba hata pua yako haimtaki. Nyanya alikirudisha kimejaa. Tena hakukipeleka mlangoni. Alikiweka juu ya jiwe la katikati ya kijito, mahali ambapo kila anayevuka angekiona na kuuliza.

Nyanya wa ng'ambo alikichukua, akasimama palepale kwenye jiwe, akapaza sauti: "Nikifa, usije!"

Nyanya akajibu kutoka uani, "Na mimi nikifa, usiimbe!"

Maneno hayo yalikuwa mazito kuliko yanavyosikika. Walikuwa wamekubaliana zamani kwamba atakayebaki ndiye atakayeanzisha wimbo kwenye mazishi ya mwenzake, kwa sababu, kama nyanya alivyopenda kusema, wanakwaya wa siku hizi wanaimba kama wanaodaiwa.

Wakati huo mimi nilikuwa naishi na mama Kaloleni, mjini Voi, na digrii yangu ya sayansi iliyokuwa ndani ya bahasha juu ya kabati. Kazi sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni maswali. Nilikuwa nimemwuliza mchungaji nani aliyeshuhudia uumbaji akaandika, nimemwuliza muuza mkaa gunia limepimwa na mzani gani, na nimemwuliza mama kwa nini tunafunika kioo wakati wa radi. Mama alikuwa amechoka.

Zaidi ya hayo, nilikuwa na kesi yangu binafsi na sikio langu la kushoto. Siku tatu baada ya dozi ya pili ya chanjo lilianza kulia. Nililisikia tiii, tiii, kama simu inayoita nyumba ya tatu. Nilienda hospitalini nikiwa nimeandika kila kitu kwenye daftari: saa lilipoanza, saa liliponyamaza, nilikula nini. Daktari alikuwa kijana kama mimi, amevaa barakoa chini ya kidevu. Akachungulia sikio kwa tochi.

"Inaweza kuwa ni chanjo," akasema. "Inaweza kuwa ni corona yenyewe, wengi wanaipata bila kujua. Inaweza pia kuwa haihusiani na chochote."

"Ushahidi uko wapi?"

"Wewe unasikilizaga muziki kwa earphone?"

"Sasa hiyo inaingiaje hapa?"

"Nimeuliza tu, dada. Naona kuna kipande cha mpira wake humu ndani."

Akakitoa kwa koleo ndogo, akakiweka kwenye karatasi, akanionyesha. Mlio ukapungua nusu. Nusu iliyobaki sikuipatia maelezo, naye daktari, kwa heshima yake, hakunitungia yoyote. Alisema tusubiri, nirudi baada ya mwezi, na kama pua ingeanza kuleta shida pia nimpigie. Nikamwambia pua yangu ni nzima kabisa. Nilisema hivyo kwa uhakika wa mtu aliyesoma.

Wiki hiyohiyo habari ikashuka kutoka mlimani kwamba nyanya wa ng'ambo anahama. Mwanawe wa kiume anayefanya kazi Taveta alikuwa amemjengea chumba, na Jumamosi pikapu ingekuja kumchukua yeye, godoro lake na jiwe lake la kusagia. Mama aliipokea habari ile tukinywa chai. Aliweka kikombe chini.

"Wakiachana hivi, nyanyako hatamaliza mwaka," akasema. "Tangu ugomvi uanze anakula mara moja kwa siku. Wewe ndiye uliyesoma. Nenda ukafanye kitu kabla ya Jumamosi."

"Nifanye nini? Mimi si mzee wa ukoo."

"Ile pua yake imekufa. Kila mtu anaona isipokuwa yeye. Mthibitishie."

Neno "mthibitishie" lilinifikia moyoni. Nikajimiminia chai nyingine.

"Hayo maziwa yameharibika," mama akasema. "Nilikuwa naenda kuyamwaga."

"Yako sawa, mama. Wewe unapenda kudhania."

Nikamaliza kikombe. Mama alinitazama kwa muda mrefu, na mimi nikafikiri ananiombea safari njema.

Jumatano asubuhi nilipitia sokoni Voi kununua vifaa vya uchunguzi. Cha muhimu zaidi kilikuwa kipande cha papa mkavu, samaki ambaye watu wa pwani wanampenda na majirani zao wanamvumilia. Mwuzaji alimfunga kwenye gazeti mara tatu, akaniambia nisimweke karibu na nguo. Nikaona ni ushirikina. Nikamweka ndani ya begi na nguo. Kijana wa boda boda aliyenipandisha Mbololo aliendesha njia nzima akiwa amegeuza uso pembeni, kama mtu anayemtafuta mdeni wake kando ya barabara. Nilimwambia atazame mbele. Akasema, "Madam, nitajaribu."

Nilimkuta nyanya uani anachambua maharagwe. Alinikumbatia, akanishika mashavu, akaniambia nimenenepa. Kumbuka nilikuwa nimembeba papa mgongoni, na yeye hakusema lolote. Hilo lingenitosha. Lakini mtu kutotaja harufu si sawa na kutoisikia, nikajiambia, na nikaendelea na mpango.

Nilimweleza kwamba chuo kikuu kimetufundisha kupima pua.

"Pua yangu haina neno," akasema. "Mpime yule mwizi wa tumbaku."

"Ndiyo maana tunapima, nyanya. Ikionekana ni nzima, kesi umeshinda."

Alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Nikamfunga leso machoni. Nikapanga vikombe sita juu ya kigoda, vyote vimefunikwa kwa kitambaa: mafuta ya taa, kitunguu kilichokatwa, papa, kahawa, sabuni ya kufulia, na cha mwisho maji matupu, kwa sababu kipimo kisichokuwa na mtego si kipimo. Nilikuwa na daftari. Nilikuwa hata nimechora jedwali.

Nikainua cha kwanza. Nyanya akainama, akavuta pumzi. "Mafuta ya taa."

Cha pili. "Kitunguu. Na ni kile chekundu."

Cha tatu, paka akalia chini ya kigoda. "Samaki. Papa huyo."

Cha nne. "Kahawa. Umeweka kidogo, mchoyo wewe."

Cha tano. "Sabuni ya kipande."

Cha sita nilikisogeza taratibu, nimebana pumzi. Nyanya akanusa, akatulia, akanusa tena. "Hapa hakuna kitu," akasema. "Ni maji."

Sita kwa sita. Nilibaki nimeshika kalamu. Nilikuwa nimekuja kuthibitisha jambo moja, na takwimu zangu zimesimama upande wa pili zinanichekea. Lakini mimi si mtu wa kukataa matokeo kwa sababu hayanipendezi. Hilo ndilo kosa ambalo huwa nawashutumu wengine kwalo. Nikamfungua leso nikamwambia ukweli: pua yake ni nzima kuliko ya mbwa wa polisi.

Nyanya hakunishukuru. Aliinuka, akaenda mpaka ukingoni mwa uwanja, akaweka mikono mdomoni, akatangaza kuelekea ng'ambo:

"Weee! Msomi wa chuo kikuu amepima! Sita kwa sita! Ameandika na kalamu!"

Ng'ambo mlango ulifungwa kwa kishindo.

Sikulala vizuri kwa kuwaza. Kama pua ni nzima, basi ugoro ni mbovu. Kama ugoro ni mbovu, basi mwanamke ambaye alinibeba mgongoni nikiwa na surua ni tapeli. Sikupenda hitimisho hilo, kwa hiyo Alhamisi asubuhi nikavuka kijito kwenda kulikagua.

Nyanya wa ng'ambo alikuwa anafunga vyombo kwenye gunia. Jiwe la kusagia lilikuwa bado mahali pake. Hakunikaribisha kiti.

"Umekuja kunipima na mimi?"

"Nimekuja kuuliza tu, nyanya. Ugoro unautengenezaje?"

"Tangu ukiwa unatambaa unaniona nautengeneza."

"Nataka kuona tena. Bila kudhania."

Alinitazama kama mtu anayechagua kati ya kunichapa na kunionea huruma. Kisha akakaa, akachukua majani, akayasaga mbele yangu. Nilifuatilia kila hatua. Tumbaku, naam. Magadi, naam. Samli, naam. Majivu sikuyaona, wala nafasi ya kuyaficha. Alipomaliza alinisogezea kiasi kidogo kwenye kiganja.

"Haya. Wewe si unataka ushahidi? Vuta."

Nilikuwa sijawahi kuvuta ugoro maishani mwangu. Nikavuta. Moto ukapanda kutoka puani mpaka utosini, machozi yakanitoka, nikapiga chafya tisa. Nilizihesabu, ni tabia yangu. Nyanya wa ng'ambo alisubiri mpaka ya mwisho.

"Ehe? Unasikiaje?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema "mzuri". Mimi nilifumba macho, nikajichunguza kwa uaminifu wote.

"Unawasha," nikasema. "Lakini harufu hauna."

"Hauna nini?"

"Harufu. Kabisa. Ni kama kuvuta pilipili isiyokuwa na jina."

Alisimama. Yeye ni mfupi lakini alisimama muda mrefu.

"Ondoka," akasema. "Ondoka, na unifikishie salamu zangu kwa huyo aliyekutuma. Mwambie Taveta kuna watu wanaojua tumbaku."

Nilirudi kwa nyanya nikiwa na huzuni na, siwezi kuficha, fahari kidogo. Chuoni tulifundishwa kwamba tokeo moja ni uvumi, lakini likirudiwa na mchunguzi wa pili anayejitegemea, basi kuna jambo. Pua mbili, zisizokuwa zimeshauriana, zilikuwa zimefikia uamuzi mmoja: ugoro hauna harufu. Nilimweleza nyanya. Akapiga kiganja gotini.

"Nilisema! Nilisema mimi!"

Lakini hakufurahi kama nilivyotegemea. Alikaa kwenye kigoda. Jikoni, hatua tano nyuma yetu, alikuwa ameinjika maharagwe na mihogo ya kimanga, chakula chetu kinachopondwa pamoja kwa mwiko mpaka kinakuwa kizito. Tukaanza kuongea. Nikamweleza kuhusu sikio langu. Akanieleza kuhusu binti wa mtu fulani aliyerudi kutoka Maungu na mume wa mtu mwingine. Macho yakaanza kuniwasha kidogo.

"Kuni mbichi," nyanya akasema, akijifuta na leso.

"Mbona unanunua kuni mbichi?"

"Ndizo zilizopo."

Tukaendelea. Binti wa Maungu alikuwa na visa vingi. Nilikohoa mara moja, nyanya akakohoa mara mbili. Kuku waliondoka uani, wote kwa pamoja, kwa mstari. Nakumbuka nilitaka kuuliza kwa nini.

Ndipo tukasikia mtu anakimbia. Nyanya wa ng'ambo alitokeza kwenye njia ya kijito, leso imemwanguka mabegani, mkononi ndoo ya maji, anahema. Hakutusalimu. Alitupita, akaingia jikoni, tukasikia maji yakilia kwenye moto kama paka kumi. Wingu jeusi likatoka mlangoni, na yeye ndani yake, ameshika sufuria kwa kitambaa. Kilichokuwa ndani hakikuwa tena chakula. Kilikuwa lami.

"Mnaungua!" akapiga kelele. "Mnaungua mmekaa mnapiga umbea! Hii harufu imefika kwangu tangu nusu saa, nikasema watazima, nikasema wataona haya wenyewe, hawazimi! Nikadhani mmekufa!"

Nyanya aliitazama sufuria. Mimi niliitazama sufuria. Kisha tukatazamana sisi wawili.

Nyanya wa ng'ambo aliona vile tulivyotazamana. Akaishusha sufuria taratibu. Akamsogezea nyanya chini ya pua kabisa.

"Hii inanukaje?"

Nyanya akajifuta macho na leso.

Akaileta kwangu. "Na wewe, mwenye kalamu?"

Nilivuta pumzi. Nilivuta tena. Niliona moshi, niliona mihogo iliyogeuka makaa, machozi yalikuwa yananitoka. Lakini puani mwangu palikuwa peupe kama ukurasa. Nikakumbuka maziwa ya mama. Nikamkumbuka kijana wa boda boda.

"Sisikii kitu," nikasema.

"Uuuwi!" Nyanya wa ng'ambo akakaa chini, pale pale kwenye matope ya maji yake. "Kumbe ziko mbili! Mmoja mgonjwa, wa pili ana digrii!"

"Lakini alipata sita kwa sita," nikajitetea. "Nilimfunga macho. Nyanya, ulipata sita kwa sita!"

Nyanya alikuwa anakunja na kukunjua pindo la leso yake. "Mafuta ya taa yaliniwasha," akasema, kama anayezungumza na pindo. "Kitunguu kilinitoa machozi."

"Na papa?"

"Paka alilia."

"Kahawa?"

"Kikombe kilikuwa cha moto. Sasa utanipa nini cha moto, uji?"

"Sabuni?"

"Uliposogeza kikombe kiligonga kama jiwe."

"Na maji? Maji nilikuwa sijayatikisa hata kidogo!"

"Ulibana pumzi," nyanya akasema. "Tangu utotoni ukificha kitu unabana pumzi."

Nimefanya mitihani mingi maishani, lakini huo ndio pekee ambao msimamizi alifeli. Nyanya wa ng'ambo alicheka mpaka akashika mbavu, kisha ghafla akaacha kucheka. Akainuka, akajipangusa matope, akamkabili nyanya.

"Sasa sema."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Nyanya alitazama mlima. Akatazama kuku waliokuwa wanarudi. "Inaonekana jua litakuwa kali leo," akasema.

Nyanya wa ng'ambo alichukua ndoo yake akavuka kijito bila kugeuka.

Mchana ule nilimpigia yule daktari wa Voi. Nilitegemea ataniuliza habari ya uhakika wangu, lakini aliniuliza tu lini mara ya mwisho nilisikia harufu ya kitu. Nilipekua daftari, sikupata. Akasema inawezekana corona ilipita nyumbani kwetu nikaiita mafua. Akasema kwa watu wengi pua hurudi polepole, na kwamba inaweza kufundishwa: unachukua vitu vinne vyenye harufu kali, unavinusa asubuhi na jioni, kila siku, kwa miezi, huku ukikumbuka jinsi vilivyokuwa vinanuka.

"Na kama haijarudi?"

"Unaendelea kunusa."

"Na unajua itarudi?"

"Sijui. Wewe nusa."

Kwa mara ya kwanza sikumwuliza ushahidi. Nilitaka sana awe sahihi, na mtu akitaka jambo kiasi hicho hana haki ya kujiita mchunguzi.

Nilimweleza nyanya hayo yote, na nikamwambia pia kwamba kama chanjo ilisingiziwa na majirani, ilisingiziwa bure katika kesi yake, kwa sababu pua yake ilikufa wiki tano kabla chifu hajatangaza sindano. Alisikiliza. Aliuliza kama daktari ni mtoto wa nani. Kuhusu lile neno alilotakiwa kulisema, nilimsukuma, nikambembeleza, nikamwandikia hata maneno kwenye daftari. Akasema ameacha kusoma maandishi madogo.

Ijumaa ilifika. Nyanya alitandika mkeka asubuhi na mapema na kukaa upande wake mmoja. Mpaka jioni upande wa pili ulikaliwa na paka.

Jumamosi pikapu iliingia ng'ambo saa tatu. Kutoka uani tuliona godoro likipandishwa, magunia, kitanda, kisha vijana wawili na mwanawe wakiliinua lile jiwe la kusagia kama wanaobeba mgonjwa. Nyanya alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani tangu saa kumi na mbili, akidai kwamba vingine vyote ni vichafu. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa uwanja.

"Nyanya, gari litaondoka."

"Naliona. Macho hayajafa."

"Basi twende."

"Wewe unafikiri ni rahisi?" akasema. Alikuwa hanitazami. "Sabuni ilikuwa hainuki. Moshi haunuki. Nguo za babuako zile nilizoziweka kwenye sanduku, nilizifungua, hazinuki. Nikasema, na ugoro wake ukiwa haunuki pia, basi mimi nimeanza kufa, kipande kimoja kimoja. Ikawa rahisi kusema ni majivu."

Nilimshika mkono tukateremka.

Nyanya wa ng'ambo alikuwa amekwisha kukaa mbele, karibu na mlango, mkoba magotini. Alituona tukivuka akatazama kioo cha mbele kama anayesoma. Watu walikuwa wengi, walikuja kuaga, na wote wakanyamaza kwa adabu ile ya watu wasiotaka kukosa neno.

Nyanya alisimama dirishani. "Nilisema umetia majivu," akasema, kwa sauti ileile aliyotangazia sita kwa sita. "Hukutia. Pua yangu ndiyo iliyokufa, na mimi nilijua, nikaogopa. Nilikusingizia mbele ya watu, nimekuja kujikanusha mbele ya watu. Nilidhani nimeanza kufa, kipande kipande."

Nyanya wa ng'ambo hakugeuka mara moja. Alipogeuka, midomo ilikuwa inamcheza.

"Kufa? Wewe? Uanzie puani? Ungekuwa unakufa kipande kipande, ungeanza na mdomo, ndio umefanya kazi kuliko vyote."

Watu wakapasuka kwa kicheko. Nyanya naye akacheka, huku machozi yanamtoka, na safari hii hapakuwa na kuni wala kitunguu.

"Daktari anasema pua inafundishwa," nikaingilia, kwa sababu niliona ni wakati wa sayansi. "Anuse vitu vinne, asubuhi na jioni, kwa miezi. Ila mafanikio yake yanategemea—"

"Wewe nyamaza," nyanya wa ng'ambo akasema. "Nani atamnusisha? Wewe? Kipofu amwongoze kipofu?" Akamgeukia nyanya. "Tumbaku ninayo. Karafuu ninazo. Ndimu Taveta zimejaa. Panda."

"Sina nguo."

"Umevaa."

"Sijafunga nyumba."

"Huyu msomi atafunga."

Nyanya alinipa ufunguo. Hakunipa maelekezo mengine yoyote, na mimi sikupata muda wa kuuliza, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuingiza mguu mmoja ndani. Mwanawe nyanya wa ng'ambo, ambaye ndiye aliyekuwa ameketi katikati kando ya dereva, aliteremshwa kwa heshima na kupandishwa nyuma, juu ya godoro, ashikilie jiwe lisibingirike. Ni mtu mzima, ana kitambi na cheo. Alipanda bila kuteta, lakini alipokaa aliinamisha kichwa kwenye dirisha dogo la nyuma.

"Mama," akamwuliza nyanya yangu, kwa upole wa mwenye chumba kimoja, "utakaa siku ngapi?"

"Mpaka inuse," nyanya akasema, akamwambia dereva aende.